Goti la Alfonsi

Alfonsi alikuwa kuli wa bandarini, Mmwera wa upande wa Ndanda, na nguvu zake hakuna aliyezibishia. Gunia alilibeba huku akipiga soga. Kwenye mieleka ya Jumatatu ya Pasaka pale Temeke aliangusha kila aliyesimama mbele yake. Akili ndiyo iliyochelewa kufika, na nasema hivyo kwa haki yangu ya ushemeji.

Maana Temeke ya miaka ile ya hamsini, kumwangusha mtu hakukuwa kumshinda. Aliye juu ilimpasa aivuke miguu ya aliye chini na kumkalia kifuani. Hapo ndipo Marselino, mchonga vinyago jirani yetu, alipomtesa. Ukimwangusha chali, anaubana mguu wako mmoja katikati ya miguu yake miwili, basi, huendi popote. Mmakonde yule alishinda kutwa ameketi chini, kipande cha mpingo amekibana kwa nyayo, anachonga. Kubana ndiyo kazi yake.

Pasaka moja Alfonsi aliuvuta mguu wake kwa hasira, kama mtu anayeng'oa muhogo. Goti likatoa mlio. Masika yote hakwenda bandarini, na kuli asiye na goti hana kazi. Nyumba ikalishwa na maandazi aliyouza mkewe, dada yangu Yustina. Pasaka nyingine ilipokaribia, Yustina alimwambia mbele yangu, bila kupandisha sauti: "Nenda kacheze, sikukatazi. Lakini ukirudi huwezi kutembea, mie nachukua wanangu narudi kwa mama." Hakuwa anatishia. Namjua dada yangu.

Kwaresima nzima Alfonsi akawa anakwenda kukaa kibarazani kwa Marselino, eti anapunga upepo. Marselino akamtania kwamba kaja kujifunza kuchonga. Kumbe mwenzake anatazama miguu. Aliona kwamba gogo lile la mpingo hata ulivute vipi halitoki. Lakini Marselino mwenyewe akitaka kuligeuza, nyayo zinalegea.

Siku ikafika. Alfonsi akamwangusha, mguu ukanaswa, watu wakampigia kelele avute. Hakuvuta. Akamlalia kifua kwa kifua, akamsukuma taya kwa bega mpaka uso ukaelekea pembeni, kisha akatulia na uzito wake wote. Mie nikaona shemeji kapatwa na usingizi. Marselino akakosa pumzi, akajigeuza kutafuta hewa, na alipojigeuza miguu yake ikalegea. Goti la Alfonsi likateleza juu ya paja lake hadi mchangani, mguu wote ukafuata. Akamkalia kifuani. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Desturi ni kwamba mshindi hubebwa juujuu hadi kwake. Tulipokaribia kona ya mtaa wetu Alfonsi akaanza kupigapiga miguu hewani. "Nishusheni, jamani. Yustina akiniona nimebebwa ataondoka."

Wakacheka, wakadhani maneno ya furaha. Mie ndiye niliyewaambia wamshushe.

Akapita kona peke yake, sisi nyuma. Yustina alikuwa mlangoni, mtoto keshafungwa mgongoni. Hakumtazama mumewe usoni. Aliitazama miguu tu, hatua kwa hatua, hadi ikamfikia. Kisha akageuka, akaingia ndani haraka, na tukamsikia analia. Alfonsi akabaki amesimama kizingitini, bingwa wa Temeke, haelewi amekosa nini.