Nimemwachia Kichwa Makusudi

Leo nimepigwa kichwani mbele ya waamuzi, na sijafurahi hivi tangu msiba.

Ulikuwa mtihani wa kupanda daraja la kendo, ule mchezo wa panga wa Kijapani, Amu mjini. Mpinzani wangu: Shali.

Huyu ndiye aliyeniambia kwenye hitima ya kaka yangu Athmani, "Kaka yako alikuwa mpole mno, Bi Zuhura. Asingepanda daraja hata angeishi miaka mia."

Athmani akishapiga alinyamaza, kama mtu anayetua kikombe mtoto amelala. Ndivyo kendo inavyotaka. Ukishangilia pigo lako, waamuzi wanakuangusha.

Shali hushangilia. Athmani alimkanya kila mazoezi.

Basi nikausogeza upanga wangu wa mwanzi kando kidogo, kichwa kikabaki wazi.

Pah!

"Umeiona hiyo?" akapaza sauti, ngumi juu.

Waamuzi wakainamia karatasi zao, wakaandika.

Majina yaliposomwa, lake halikuwemo. Akanijia mbio.

"Umeniachia makusudi!"

"Mimi? Si sisi ni wapole mno, Bwana Shali?"

Langu pia halikuwemo. Nimerudi Kipungani, nimekula wali nikaongeza.

Haya, nisemeni hapo chini.

Athmani angenigombeza, najua. Angenigombeza polepole, huku akicheka.