Cherehani za Mama Nekesa

Baraza la mji wa Kitale lilitangaza kwamba fundi atakayepanua kazi hatalipa leseni mwaka mzima. Mimi, fundi niliyejifunza mwenyewe, nilikuwa na cherehani moja, na bila msamaha huo ningefunga duka nirudi kwetu Myanga. Basi nikaazima mbili za jirani, Mama Nekesa. Nilizipanga kwa rula, nikazifunika kwa vitambaa vilivyokuja nazo.

Afisa wa baraza alipokuja kukagua, alishika kitambaa kimoja. "Maua safi! Nani ameshona?"

"Ni mimi, mkubwa!" nikaropoka.

Akasoma chini ya maua: "Mali ya Mama Nekesa."

Nilitamani ardhi inimeze. Mlangoni, Mama Nekesa mwenyewe akacheka. "Si umsamehe tu, bwana afisa. Cherehani ni zangu, lakini maua ni yake kweli. Alinishonea Krismasi."