Mama Benita na Mpaka Usio na Mlinzi

Marguerite Niyubahwe wa Makere hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Aliwahi kumfukuza nyoka kwenye banda la mbuzi kwa mwiko wa ugali. Mumewe alipofariki aliendelea kulima maharage yake na kuyapeleka sokoni mwenyewe, na madalali wa Kasulu walimjua: ukimpimia kwa debe lililotanuliwa, analimwaga chini mbele ya watu na kuondoka. Lakini mwaka huu, tangu bintiye Benita ampigie simu na kumwambia anataka kumkatia tiketi ya ndege, alianza kushtuka hata kuku akiruka dirishani.

Benita ndiye mtoto pekee aliyebakiwa naye. Alisomea uuguzi, akapata nafasi Ujerumani, na sasa anahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea mjini Munich. Likizo yake ilikuwa mwezi wa kumi, na safari nzima alikuwa ameshaipanga kichwani.

"Utafika majani yanapukutika, mama. Miti ya milimani inakuwa ya njano na nyekundu, utadhani inaungua. Utapumzika kwangu kidogo, halafu tunapanda treni. Tunapita katikati ya milima mpaka mji unaitwa Innsbruck, tunalala. Kesho yake tunaingia Italia. Tunaona Verona, tunamalizia Venisi, mji uliojengwa juu ya maji."

"Nani aliwatuma wajenge juu ya maji?"

"Walijenga tu wenyewe."

"Kwani nchi kavu iliwaishia?"

Benita alicheka sana. Marguerite naye alicheka, ila alipokata simu alikwenda kuhesabu mbuzi wake, kisha akawahesabu tena.

Pasipoti ilipatikana, ingawa siku ya kuhojiwa alidhani atazimia. Ofisa alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alifungua faili, akauliza wazazi wake walizaliwa wapi. Swali hilo Marguerite alilikwepa tangu utotoni. Shuleni alilikwepa, kanisani alilikwepa, na hata alipoolewa, wakwe walipouliza, shangazi aliyemlea ndiye aliyejibu.

"Burundi," alisema.

"Na wewe mwenyewe?"

"Burundi. Lakini mimi ni Mtanzania. Cheti changu cha uraia kimo humo."

"Nimekiona, mama. Kiko sawa kabisa. Mbona unatetemeka?"

Alipotoka nje alikaa kwenye ukingo wa bustani ya maua mpaka jua likamfikia.

Basi pasipoti ikaja, naye akajipa moyo kwamba lililokuwa gumu limepita. Kisha mwezi wa saba, katika maongezi ya kawaida tu, akamuuliza Benita jambo lililokuwa likimsumbua.

"Tukifika mpaka wa hiyo Italia, pasipoti nampa nani?"

"Humpi mtu. Treni inapita tu. Wakati mwingine hata hujui kama umeshavuka, unashangaa maandishi ya stesheni yamebadilika."

"Hakuna askari?"

"Mara mojamoja wanapanda. Lakini kwa kawaida hakuna mtu, mama. Ukitaka unalala usingizi wako."

Benita alidhani anamtuliza. Marguerite alisema maharage yanaungua jikoni, akakata simu. Jikoni hapakuwa na chungu chochote.

Kuna jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mwanawe. Mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji Burundi, wakati meno yake ya utotoni yanang'oka, alivuka mpaka akiwa na mama yake na kaka yake Bazilio. Walipita mahali pasipo na mtu, kwa sababu penye watu ndipo watu walipokuwa wakiuawa. Walitembea kwa kujificha hadi wakafika kwenye kijito, na mtu mmoja waliyekimbia naye akawaambia ng'ambo ile ni Tanzania. Waliruka. Mama yao aliwakalisha chini ya kichaka. Bibi yao alikuwa amebaki nyuma, miguu imevimba, hawezi kwenda haraka.

"Subirini hapa," mama alisema. "Msiondoke. Ndaje."

Ndaje, kwa Kirundi, yaani naja. Aliruka kijito akarudi alikotoka. Watoto walisubiri mpaka wenyeji wa upande huu walipowakuta na kuwabeba, Marguerite akipiga mateke kwa sababu walikuwa wameambiwa wasiondoke. Mama hakuonekana tena; walilelewa na shangazi aliyevuka kabla yao. Kama aliuawa, kama alifia njiani, kama alirudi akakuta kichaka kitupu, hakuna aliyewahi kuwaambia. Tangu siku hiyo, mpaka usio na mtu kwa Marguerite ulikuwa mdomo: unafunguka, unameza, unafunga.

Siku chache baada ya simu ile alipanda gari kwenda Busunzu, anakoishi Bazilio. Alimkuta uani anatia mpini kwenye jembe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekonda. Ulaya imekuanza ukiwa bado huku?"

"Siendi, kaka."

Bazilio aliweka jembe chini. "Benita umemwambia?"

"Bado. Hebu niambie, wewe ungekwenda?"

Alipangusa mikono kwenye suruali. "Mimi hata Munanila, pale mpakani, sijawahi kufika," alisema. "Wenzangu wanakwenda mnada huko, wananiita. Nawaambia mgongo unauma. Wewe ulidhani ni mgongo?"

Kweli, Marguerite alidhani ni mgongo. Miaka yote alimpelekea dawa za kuchua.

"Unakumbuka siku ile ulitaka kumfuata?" Bazilio aliuliza.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Mama alipovuka ulimkimbilia, mguu mmoja ukaingia majini. Nikakudaka huo mwingine, ukaning'ata mkono. Mimi nilikuwa mkubwa, na nilikuwa nimejikojolea. Wewe hukuwa na hofu hata kidogo."

Marguerite alimtazama kama mtu anayesimuliwa habari za jirani. Hilo hakulikumbuka hata chembe. Njiani kurudi Makere aliutafuta ule mguu uliolowa katika kumbukumbu zake, hakuupata.

Jirani yake aliitwa Rosa, Muha wa palepale, mfanyabiashara wa vitenge. Kila wiki alikwenda Munanila, akavuka hadi soko la upande wa pili, akarudi na mzigo. Marguerite alipomweleza habari za treni na mpaka, Rosa hakumcheka.

"Twende wote Jumamosi," alisema. "Mimi nakwenda, nanunua, narudi kupika. Uone kwa macho yako kwamba watu wanarudi."

"Nikishindwa?"

"Ukishindwa utakaa upande huu unilindie kapu."

Jumamosi asubuhi huko Munanila kulikuwa na baridi kali, na ukungu ulikuwa umelala kwenye mabonde, vilele vya mikaratusi tu ndivyo vilivyoonekana. Wanawake wa soko walikuwa wanashuka njiani, wenye ndoo za mawese, wenye mikungu ya ndizi, wanapiga soga kwa Kiha na Kirundi, hujui nani wa wapi. Marguerite alijikuta akisali kwa meno yaliyokaza. Rosa alimshika kiwiko. Kwenye kizuizi askari alitazama vitambulisho vyao, akawapungia mkono wapite. Hatua zilizofuata alizitembea macho yakiwa chini, akitazama visigino vya Rosa.

Udongo ulikuwa uleule mwekundu. Hilo ndilo lililomtisha kwanza. Alitegemea kuona kitu kibaya, akaona maparachichi, sabuni, mbuzi wamefungwa kamba, na mwanamke aliyemsalimia "Amahoro" kwa lafudhi ya mama yake hasa. Alijibu kwa Kirundi, akageuka nyuma kumtazama.

Walipofika karibu na kibanda cha chumvi, Rosa aligeuka. "Kaa hapa kwenye gogo. Mwenye vitenge yuko kule nyuma, nakuja sasa hivi. Usiondoke."

Hakuwa na nia mbaya. Lilikuwa neno la kawaida la watu wa sokoni. Akapotelea kwenye ukungu na kapu lake.

Marguerite alikaa. Mwanzoni alijaribu kutazama mbuzi. Kisha akaona kwamba macho yake yameacha mbuzi na yanazifuata nyuso za wanawake wazee, mmoja baada ya mwingine, ajuza aliyeinama, ajuza mwenye fimbo, ajuza aliyefunga kitambaa cheupe. Alikuwa anamtafuta. Mama yake, kama angekuwa hai, angekuwa na miaka zaidi ya tisini, na bado mwanawe alikuwa anamtafuta katika soko la chumvi na maparachichi. Masikio yakaziba. Alijua kabisa kwamba Rosa hatarudi, kwamba wote watafunga mizigo yao na kuondoka, na yeye atakaa kwenye gogo lile mpaka afe, kwa sababu ameambiwa asiondoke.

Ndipo akasimama.

Hakuamua, alisema baadaye; miguu ndiyo iliyosimama. Alirudi njia ileile peke yake, akipishana na watu waliokuwa wanaingia, mpaka kwenye kizuizi. Alitoa kitambulisho, kikamponyoka, akakiokota.

"Nataka kurudi nyumbani," alimwambia askari.

"Nyumbani wapi?"

"Makere."

"Mbona mapema? Umenunua nini?"

"Sikununua kitu."

Askari alimtazama yeye, akatazama picha, akamrudishia. "Haya, pita, mama."

Alipita. Upande wa Tanzania alishika mti akatapika, kisha akakaa chini na kulia kwa sauti, watu wakimpita na mizigo yao vichwani. Muda si mrefu Rosa alitokea anahema, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Nimekutafuta soko zima! Nilikwambia usiondoke!"

"Ndiyo maana nimeondoka," Marguerite alisema.

Rosa alifungua mdomo amkaripie, akamwona uso, akakaa naye chini.

Jumapili baada ya misa alimpigia Benita na kumweleza yote, ya kijito, ya kichaka, ya bibi mwenye miguu iliyovimba. Alipomaliza, alisikia Benita analia.

"Mama, Italia tuache. Tutakaa hapahapa Munich, nitakupeleka bustanini."

"Italia tutakwenda. Ila nisikilize. Usinikalishe mahali ukaniambia nisubiri. Ukienda kununua maji, tunakwenda wote. Ukienda msalani, nasimama mlangoni. Na tukifika hapo mpakani, kama nimelala, niamshe. Nataka kujua kwamba navuka."

"Nitakuamsha."

"Na huko njiani ninakobadilisha ndege, nani atakuwa na mimi?"

Hilo Benita hakuwa amelifikiria. Ilimchukua wiki kadhaa kumpata Sylvesta, muuguzi mwenzake ambaye kwao ni Kibondo, aliyekuwa likizo nyumbani na angerudi kazini mwezi huohuo wa kumi. Tiketi zikapangwa ndege moja, viti vya jirani, na wakutane Dar es Salaam, ambako Sylvesta angetangulia.

Hofu haikutoka. Iliuacha mpaka, ikashika mambo mengine. Aliogopa treni kuingia kwenye tumbo la mlima na mlima kuikalia. Aliogopa baridi, choo cha ndege, na kufia ugenini akazikwa na watu wasiojua jina lake. Alipokwenda Dar kuomba viza, mashine ya alama za vidole ilikataa vidole vyake, vimelika kwa jembe, na kila iliposema hapana yeye aliona kijito. Mhudumu alimpa mafuta ya kupaka, mashine ikakubali. Viza ilipotoka, Rosa alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna posa.

Bazilio alikuja Makere siku moja kabla ya safari. Alimletea koti lake zito analovaa kwenye lindo la shamba, linanuka moshi, akasema milima ni milima. Alfajiri basi la Dar liliposimama walipanda wote wawili, kwa kuwa lingepita Busunzu. Walikaa kiti kimoja na hawakuzungumza sana. Karibu na kituo chake Bazilio alisema, "Ukiona milima hiyo, nipigie. Uniambie kama inafanana na yetu."

"Nitakupigia."

Alishuka. Alisimama barabarani mikono ikining'inia, akionekana mzee kuliko alivyokuwa alfajiri, na basi likaondoka. Marguerite alifikiri, nikimwambia kondakta asimamishe sasa, natembea dakika chache tu niko kwa kaka yangu. Aliinua hata mkono. Kisha akaushusha akashika chuma cha kiti cha mbele.

Kibondo akapanda mama kijana mwenye mtoto mchanga na mabegi mawili, akakaa penye nafasi ya Bazilio. Baada ya mwendo kidogo akamgeukia.

"Shikamoo, mama. Unaumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Siumwi. Naogopa."

"Unakwenda mbali?"

"Kwa binti yangu. Mbali sana."

Yule mama kijana aliitikia kwa kichwa. "Mimi huyu nampeleka hospitali ya rufaa. Moyo wake una tundu. Wanasema watampasua." Alisema taratibu, kama anayelijaribu neno. "Usiku kucha sijalala."

Marguerite alimtazama mtoto. Alikuwa na midomo ya rangi ya zambarau na kofia ya sufu iliyomzidi.

"Nipe nimpakate," alisema. "Wewe lala. Hatuondoki hapa, sisi wote tuko ndani ya basi."

Alimpokea, akafungua koti la Bazilio akamwingiza ndani. Mtoto alikuwa wa moto na mzito kuliko alivyoonekana. Mama yake aliegemeza kichwa kwenye kioo akalala mara moja, mdomo wazi, na basi likaendelea kupanda kuelekea Kakonko.