Mabanzi ya Bibi Zipora

Likizo ya Juni haikumaliza hata siku moja. Glory, mtoto wa darasa la tatu, alianguka kutoka juu ya mparachichi, mkono ukavunjika chini ya kiwiko. Mama yake, Esta, alitaka apelekwe hospitali Lushoto.

"Hospitali ya nini, na fundi yuko ndani?" akauliza mama mkwe wake.

Fundi mwenyewe ndiye yeye, Bibi Zipora, muunga mifupa anayejulikana Mlola nzima. Siku hiyo alikuwa hoi. Alipalilia viazi tangu alfajiri, magoti yanamuuma, na hakuwa na hamu na kilio cha mtu. Akaunyoosha mkono, akaukaza kwa mabanzi ya mianzi na vitambaa, kisha akatoa sharti lake la siku zote: hakuna kulegeza mpaka siku ya tatu, na atakayefungua ni yeye tu.

Glory alilia mpaka kukakucha. "Vumilia, mjukuu wangu," Zipora alimwambia, kama alivyowaambia wote. Ila wote wale aliwafunga, akapewa kuku wake, akashika njia. Kilio kiliwabakia wenyewe. Miaka thelathini ya kazi, hajawahi kulala nyumba moja na mgonjwa wake.

Asubuhi Glory akanyamaza. Esta akashukuru Mungu. Zipora akamshika vidole: vimevimba, vya baridi, vimeanza kuwa vya buluu.

"Unasikia nikikubana?"

"Hapana, bibi."

Aliogopa, na aliona haya kuogopa mbele ya mkwewe. Sharti lilikuwa lake, jina pia lake. Alikuwa amechoka hata kufikiri. Kisha akaagiza kisu, akakata vitambaa vyote kwa mkono wake.

"Ita bodaboda mbili," akamwambia Esta. "Tunakwenda wote."

Huko hospitali, daktari, kijana mdogo tu, aliuliza nani alimfunga mtoto. Esta akatazama sakafu.

"Ni mimi," akasema Zipora.

"Shikamoo, bibi. Mmewahi. Damu ilikuwa haipiti. Mngengoja mpaka kesho, mkono huu ungekauka."

Kesho ndiyo ilikuwa siku ya tatu. Zipora akajikokota hadi kwenye benchi, akaketi. Akamkumbuka mtoto wa Rubeni, jirani yake, aliyemfunga mwaka juzi, akabaki na mkono uliokauka. Wazazi walisema ni mapenzi ya Mungu, na yeye akaitikia amina.