Karatasi Nyekundu, Karatasi ya Bluu

Mwalimu wa taaluma alikuwa anakaa dawati la nyuma kila nikifundisha kemia, na kila nikigeuka kutoka ubaoni namkuta anaandika kwenye kaunta buku lake. Hasemi kitu. Kengele ikilia, anafunga daftari, anaondoka.

Nilikuwa na digrii ya kemia na sijui kufundisha. Kabla ya kuomba nafasi ya kusomea ualimu nilikuja kujitolea kwenye sekondari moja huku juu Ufipa, ili nipate uzoefu na barua ya kunithibitisha. Barua ya kuandikwa na nani? Huyohuyo mzee wa kaunta buku. Mwaka wangu mzima ulikuwa mkononi mwake, na mimi nina hasira za karibu. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, anaitika marahaba vizuri tu, halafu anamgeukia mkuu wa shule wanaongea Kifipa. Mimi wa Morogoro nitajua wanasema nini? Machale yakanicheza. Nikajua ananiandikia makosa.

Basi nikajifanya mjanja. Siku moja niliandika ubaoni, kwa makusudi, kwamba asidi hugeuza karatasi ya litmasi nyekundu kuwa bluu. Ukweli ni kinyume chake: ya bluu ndiyo inageuka nyekundu. Nilitaka nione kama atakimbilia kwa mkuu kunisema. Mzee akaandika, akaondoka. Kesho yake alikuwa kijijini Mwazye msibani, nikawasahihishia wanafunzi wangu yeye hayupo, kosa likabaki kwenye daftari lake tu. Nikafurahi kweli, Mungu anisamehe.

Wiki ikapita, hakusema neno. Ukimya ule ukanitia wasiwasi kuliko maneno.

Jumatatu, saa ya chai, akaingia ofisini kwetu ameshika kikopo cha maji ya limau na karatasi za litmasi ninazofundishia. Mkuu alikuwepo, walimu wengine wanakula mihogo. Akaniuliza kwa upole kama karatasi zile zimeshaharibika, maana ile nyekundu imekataa kugeuka. Alikuwa amezijaribisha Kidato cha Kwanza B.

Mkondo wa B nilijua hauna mwalimu wa kemia kabisa. Kumbe mzee, mwalimu wa historia maisha yake yote, alikuwa anakaa kwangu asubuhi ananakili, mchana anakwenda kuwafundisha wale watoto. Alifungua kaunta buku mezani aniulize vizuri. Hakuna hata kosa langu moja mle. Masomo yangu tu, yameandikwa kwa mwandiko wa taratibu, na pembeni maswali ambayo aliona aibu kuniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo, zimeharibika, hali ya hewa ya huku ina unyevu. Wangeamini wote.

"Karatasi ni nzima, mwalimu," nikasema. "Niliandika uongo kwa makusudi. Nilidhani unanipeleleza."

Mihogo ikasimama midomoni. Mkuu akanitazama kama anayetazama mwizi, na nilistahili. Mzee hakupandisha sauti. Alikaa kwanza.

"Kuna binti alisema ya kwake ya bluu imekuwa nyekundu," akasema. "Nikamwambia akae chini, macho yake yamemdanganya. Wenzake wakamcheka."

Nilitamani anitukane. Nikaanza kuomba radhi, akanikatisha, akasema habari ya barua tutaongea baadaye, kwanza twende darasani.

Nikasimama mbele ya B nikaeleza yote. Mzee akamwomba yule binti asimame, akamwambia mbele ya wenzake kwamba aliona sawasawa. Nikangoja binti atabasamu. Hakutabasamu. Alinitazama mimi, akamtazama mwalimu wake, kisha akanyoosha mkono.

"Naomba kikopo," akasema. "Nijaribu tena mwenyewe."