Wali wa Kupalia Makaa, Al Wakrah

Jiko langu la mkaa lilisafiri nami kutoka Tanga ndani ya sanduku, limeviringishwa kwa kanga mbili. Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja Al Wakrah, nje kidogo ya Doha, alilicheka wiki nzima.

"Dada, hii ni Doha. Nani anapika na makaa na stima iko?"

Nikalisukuma jiko langu uvunguni mwa kitanda. Ningefungua mdomo, ningemtukana.

Nyumba ile ilikuwa na wanawake kumi, na Ijumaa moja ya majira ya baridi tuliwasha majiko ya umeme yote kwa pamoja. Umeme ukakatika nyumba nzima, ukagoma kurudi. Basi nikatoa jiko langu uani, nikapepea mkaa kwa kipande cha boksi, nikapika wali wa nazi na kuupalia makaa juu ya mfuniko kama alivyonifundisha mama. Mkenya alimaliza sahani yake, kisha akagombea ukoko na wenzake.

Wiki iliyofuata akaniomba niupike tena.

"Nani anapika na makaa na stima iko?" nikamjibu.

Tangu hapo umeme ukawa unakatika kila Ijumaa asubuhi, nami napika uani huku nikilalamika. Ijumaa ya nne, umeme ungali upo, niliingia ndani kuchukua kiberiti, nikamkuta koridoni, mkono juu ya mein swichi ya umeme. Damu ikanichemka.

"We mwanamke, huna hata haya?" nikafoka. "Unazima sasa hivi, na mkaa bado sijauwasha?"