Tepu Niliyoishika na Chuo cha Saada

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ncha ya tepu nikaambiwa, "Simama hapa, usiiachie mpaka nikuite." Aliyesema hivyo ni Afisa Mpimaji wa ofisi ya ardhi, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akatokomea kichakani na ncha ya pili, akanisahau. Nilisimama mpaka adhuhuri, jua likinichoma utosi, na sikuiachia. Kwa utii huo nikathibitishwa kazini, na kwa utii huo huo nikastaafu na cheo kile kile: mshika tepu. Wenzangu walipanda vyeo. Mimi nilipanda vichuguu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi yenyewe sikuichagua kwa sababu yoyote ya maana. Ofisi ilikuwa Kibiti, jirani na kwangu, na nilipofungua dirisha lake niliweza kunusa anachopika mke wangu, Bi Mwanaidi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba ardhi inayopimwa haikai ofisini.

Nayaandika haya kwa vijana waliopata nafasi ya kusomea shahada ya mipangomiji na mikoa, ambao sasa wanachagua chuo kama mtu anayechagua kava la simu. Namsema hasa mjukuu wangu Saada, aliyenichosha wiki hii kuliko mabosi wangu wote. Amekubaliwa na vyuo viwili, na lazima athibitishe kimoja kabla ya Ijumaa. Asipothibitisha, anakosa vyote.

Tuelewane kwanza. Mpimaji hupima ardhi ilivyo. Mpangamiji huamua nini kikae wapi: nyumba, soko, shule, barabara, makaburi. Huamua kwa mchoro. Mchoro ukipitishwa, sisi wa tepu huenda kuushusha ardhini kwa bikoni, yaani vile vijiwe vya zege vyenye namba mnavyojikwaa navyo. Kalamu ikiteleza kidogo tu mezani, huku chini kuna mtu kitanda chake kimeingia barabarani.

Afisa Mipangomiji wa kwanza niliyemfanyia kazi alipenda mistari iliyonyooka. Tulipokwenda Nyamisati kupanga eneo la soko, alinyoosha rula yake mpaka ndani ya mikoko. Nikamwambia kwamba maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, hufika pale.

"Wewe umesomea wapi?" akaniuliza.

"Sekondari, mheshimiwa."

"Basi shika tepu."

Nikashika. Maji yalipokuja yalitukuta tumeshika tepu yetu vizuri kabisa, yakatufika magotini. Pale nikajifunza somo baya: bosi akichora, nyamaza.

Wa pili alistahili kusahaulika, nami nimemsahau. Wa tatu alikuwa kijana mpole, katoka chuoni juzi, anamwamkia kila mtu shikamoo mpaka mbuzi wakageuka. Huyu alipelekwa kupanga kijiji kimoja upande wa Chumbi. Tulifika wakati mpunga unachanua. Nyumba karibu zote zimefungwa, milango imekazwa kwa kamba, nyasi zimeota hadi kizingitini, jikoni majivu ya zamani. Kijana akazunguka, akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari lake: mahame. Maana yake, watu wamehama, eneo li wazi.

Sasa, mtu yeyote aliyezaliwa bondeni kwetu Rufiji anajua wenye nyumba walikuwa wapi. Walikuwa mashambani, juu ya madungu, vile vibanda vya miguu mirefu ambamo familia huhamia kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe mpaka uvunwe. Nilijua. Nilijua hata majina ya baadhi yao. Lakini kusema maana yake tungetembea matopeni dungu hadi dungu, na siku ile Bi Mwanaidi alikuwa ameniahidi wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikanyamaza. Samaki, nakiri, alikuwa mtamu.

Mchoro ukapita, bikoni zikachimbiwa. Watu wakavuna, wakarudi na magunia kichwani, wakakuta vijiwe vyetu vimesimama nyuani na vibarazani. Tulipoitwa, tulimkuta bibi mmoja ameketi juu ya bikoni kama kigoda, anapeta mpunga.

"Nyie wa serikali," akasema bila kuinua macho, "hili jiwe limeota au mmelipanda?"

"Tumelipanda, bibi," bosi wangu akajibu.

"Haya, livuneni."

Watu walicheka, lakini kicheko hakikuwa cha kuchezea. Mzee mmoja alikuwa na panga mkononi na hakuwa anakwenda kukata kuni. Njiani kurudi, yule kijana akaniuliza, "Mzee wangu, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Tukaendelea na njia hadi tukakaribia Ikwiriri. Kisha akasema, "Miaka yote ya chuo tulipelekwa kijijini mara moja. Tulipiga picha, tukala, tukaondoka." Kazi yote ikafutwa, tukaanza upya, na safari hii akalala kijijini wiki tatu, analishwa ugali na bibi yule yule aliyemwambia avune mawe. Ndiye bosi bora niliyewahi kuwa naye. Inaniuma mpaka leo kwamba alijifunza kwa kufedheheka kitu ambacho angefundishwa akiwa mwanafunzi, na ambacho mimi ningemwambia kwa sentensi moja.

Ndiyo maana Saada ananikera. Baba yake, mwanangu wa kwanza, anataka chuo ambacho akikitaja msikitini watu watasema mashaallah. Shangazi yake anauliza kuhusu mabweni. Na mwenye shahada yake ananionyesha picha ya maktaba.

"Tazama babu, ina vioo kote!"

"Mke wangu, unakwenda kusoma au kujitazama?"

"Sasa mimi nitajuaje chuo kizuri?"

"Piga simu. Waulize wanafunzi wao wanakaa kijijini siku ngapi, na wanamsikiliza nani wakifika. Weka sauti nje, nisikie."

Akapiga kwanza chuo cha karibu, kile ambacho ukitoka Kibiti asubuhi, mchana unakula huko. Dada mmoja mwenye haraka akatuambia maelezo yote yapo kwenye tovuti. Saada alikuwa ameshaisoma tovuti yote, mambo ya kijijini hayakuwemo. Akapiga cha mbali, safari ya basi kutwa nzima. Simu ikapokewa na mwalimu, mwanamke mtu mzima kwa sauti. Badala ya kujibu akauliza kwanza, "Unatoka wapi, mwanangu?"

"Kibiti, mwalimu. Bondeni Rufiji."

"Aa. Watu wenu wamesharudi kutoka kwenye madungu?"

Nikaweka kikombe chini.

Akaeleza kwamba wanafunzi wake hurudi kijiji kile kile majira mawili tofauti ya mwaka, hulala kwa wenyeji, na mchoro hausahihishwi mpaka wanakijiji wenyewe wasomewe na kuukosoa. Saada akaniangalia kwa macho ya ushindi, kana kwamba nilikuwa upande wa pili.

Na kweli nilikuwa upande wa pili. Kichwani nilikuwa nimeshampangia chuo cha karibu: kila Ijumaa jioni yuko hapa, ananirekebishia simu, ananichokoza, ananilia dagaa zangu. Kwa hiyo nikasema, "Huko nasikia kuna baridi kali. Halafu basi kutwa nzima, miguu itavimba."

Bi Mwanaidi akacheka hadi kanga ikamteleza. "Usimsikilize, mke mwenzangu. Huyu anataka uolewe nyumba ya pili kutoka hapa."

"Babu," Saada akasema, sasa bila utani, "nikuulize ukweli. Ungekuwa wewe?"

Wengi wananiuliza kustaafu kumenifundisha nini. Hakujanifundisha chochote, nimepata tu nafasi ya kuhesabu mara nilizonyamaza. Safari hii nimeulizwa, tena na mtu ambaye kesho atashika kalamu juu ya nyumba za watu. Nikamwambia, "Cha mbali. Yule mwalimu anaijua kazi."

"Una uhakika?"

"Thibitisha kabla sijageuka."

Akanisogezea simu. "Bonyeza wewe."

Nikavaa miwani, nikabonyeza. Mtandao ukagoma. Nikafurahi kwa dakika nzima, wallahi. Kisha ukakubali.